Mpangaji wa Mama Mkwe

Sehemu ya tisa

Lango la bati lilifunguka, na aliyelifungua alikuwa mama mkwe wake.

Hapo ndipo tulipomwacha Maduhu juma lililopita, na nimeambiwa wapo wasomaji walionilaumu kwa kumwacha vibaya. Lawama nimezipokea. Lakini kama ninyi mlikosa raha juma zima, mfikirieni yeye aliyekuwa amesimama pale, sanduku begani, mkono bado uko juu kama anayetaka kubisha tena.

Kwa aliyejiunga nasi leo: Maduhu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi, kazi ya heshima, yenye ovaroli na kota. Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Wanunuzi binafsi wakamiminika na malori yao, kiwanda kikaanza kupunguza watu. Sasa Maduhu hana kazi, hana kota, na mafao hapewi bado, kwa sababu ambayo leo mtaisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Tangu atoke kota amekuwa akilala katika karakana ya rafiki yake Dastan, seremala, juu ya vitanda vya wateja. Asubuhi ya leo mteja mmoja alikuja na mchumba wake kuangalia kitanda chao cha arusi kimefikia wapi. Walimkuta Maduhu amekilalia, mdomo wazi.

Hakuna aliyemtukana. Yule bibi arusi mtarajiwa aligeuka tu akatoka nje, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Dastan alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mtaa wa Malambo kuna chumba. Mwenye nyumba ni mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, hataki kodi ya mbele, anataka mtu mwenye adabu tu. Akamsisitiza aende jioni, asiende kabla ya jioni. Maduhu, kwa aibu ya kile kitanda, alikwenda mchana. Jina la mwenye nyumba hakuuliza. Mtu anayetafuta pa kulala hana maswali mengi.

Kumbe ni Mama Ng'washi wa Nyashimo, mama mzazi wa mkewe Kabula. Kwamba mama mkwe anashusha mchele Bariadi siku hizi, Maduhu alikuwa amesikia. Kwamba amenunua na nyumba, hakuwa na habari. Kila Jumamosi akienda kwao Nkololo kumwona mke na watoto, huondoka haraka kabla hajaulizwa mambo ya kazini, na mtu wa haraka hapati habari.

Basi walitazamana, mkwe na mama mkwe, uso kwa uso. Kisha wote wawili wakakimbia.

Msomaji wa pwani unacheka. Cheka tu. Huku kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kulala nyumba moja ni jambo ambalo watu watalisimulia hata baada ya wewe kuzikwa.

Mama Ng'washi aliivuta khanga yake mpaka kichwani, akarudi koridoni na kuugeukia ukuta kama fundi anayekagua plasta. Maduhu naye, badala ya kurudi alikotoka, alikimbilia ndani ya uwanja. Msimtukane. Barabarani kulikuwa na watu, na anayetoka mbio kwenye nyumba ya watu mchana kweupe na sanduku begani, katika nchi hii ya sungusungu, hapewi nafasi ya kujieleza.

Aliona bafu la mabati pembeni, akachuchumaa nyuma yake.

Ndani ya bafu kulikuwa na mtu anaoga.

Maji yakakoma kumwagika. Sauti ya kike ikauliza ni nani hapo. Maduhu akazidi kujibana kwenye bati. Sauti ikasema, bila kupandishwa, kwamba ndoo bado ina maji ya moto na atakayeyapata yuko nyuma ya bati.

"Ni mimi," akasema Maduhu. "Mkwe wa mwenye nyumba."

Katika maisha yake hajawahi kujitambulisha vibaya kuliko siku hiyo.

Aliyetoka bafuni aliitwa Veronica, mpangaji, mzaliwa wa Binza kule Maswa, muuza dagaa sokoni. Si mtu wa kuduwaa. Alimtazama mwanamume aliyechuchumaa, akamtazama mama aliyeugeukia ukuta, akaelewa kazi anayotakiwa kufanya. Alikwenda akasimama kwenye mlango wa korido, katikati yao, maji bado yanamdondoka shingoni.

Mama Ng'washi akakaa kigodani, amewapa mgongo. Maduhu akakaa juu ya sanduku lake, ameielekea minyaa ya uani. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini hapakuwa na neno lililosafiri bila kupitia kwa Veronica.

"Mwambie mwadila," alisema Mama Ng'washi, akitoa salamu yetu ya mchana.

"Mwadila," alisema Veronica.

"Mwambie mwadila, mayu," alijibu Maduhu, yaani mama.

Wakaulizana habari za watoto, zikawa nzuri. Za Kabula, nzuri. Za baba yake Maduhu na ng'ombe wake, nzuri. Mama Ng'washi akataka kujua na kazi inaendeleaje, maana amesikia huko kiwandani mambo yamechafuka.

"Mwambie kazi nzuri," alisema Maduhu.

"Anasema nzuri," alisema Veronica, macho yake yakiwa kwenye viatu vya Maduhu, ambavyo vilikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kamba.

Maduhu akaivuta miguu yake chini ya sanduku. Aibu ilimpanda kutoka huko huko miguuni.

Kisha mama mkwe akauliza habari za sanduku lenyewe. Mkwe anapita mjini na sanduku, anahamia wapi?

Uongo alioutoa hapo Maduhu hakuwa ameupanga. Ulimtoka wenyewe, na akashangaa jinsi ulivyokuwa umevaa vizuri.

"Mwambie si langu. Ni la mwenzangu wa kazini, anaitwa Mayala. Amekosa nyumba. Anaona haya kuja mwenyewe, nikamwambia nitamtangulizia mzigo."

Veronica akaupeleka uongo huo. Kutoka koridoni zikaanza kuja sifa. Mama Ng'washi alisema siku zote amewaambia watu wa Nyashimo kwamba Kabula aliolewa na mtu. Alisema mafundi wangapi wa kiwandani wangembebea mwenzao sanduku begani mchana huu wa jua. Alisema mengi, na Veronica aliyarudia yote moja baada ya jingine, hakupunguza hata moja, mpaka Maduhu akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na sanduku lake.

Angeweza kuaga hapo. Lakini akiaga, usiku wa leo analala wapi? Karakana harudi tena, uso hana. Stendi ya mabasi inalala wendawazimu na walevi, na kila kondakta wa Bariadi anamfahamu. Chumba kilikuwa pale langoni, kina mlango, kina kufuli. Alikuwa akikiona kwa pembe ya jicho.

Mama Ng'washi akauliza ilikuwaje huyo Mayala, fundi mzima, akakosa hata kodi. Si waliopunguzwa wote walipewa haki zao?

Maduhu akaitazama minyaa. Kisha akaanza kusimulia, na kwa kuwa alikuwa akiisimulia minyaa, maneno yalikuja.

"Mwambie panga lilikuwa linakuja na kila mtu alijua. Majina yangesomwa mbele ya kiwanda, watu wote wanasikia, hata wauza maandazi. Mayala hakutaka lake lisomwe pale. Siku moja kabla, akaenda kwa meneja akasema anaacha kazi mwenyewe."

Veronica aligeuza shingo akairudia.

"Kisha?" aliuliza Mama Ng'washi.

"Kisha majina yakasomwa. Waliosomwa wakapewa mafao juma lile lile. Mayala alipokwenda kudai, akaambiwa aliyeacha mwenyewe anasubiri mpaka msimu ujao wa pamba. Ndiyo sheria."

"Kwa hiyo angesomwa tu angekuwa na chake mfukoni."

 Maduhu alikuwa na kipande kimoja kilichobaki, ambacho hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Dastan. Sijui kwa nini alikitoa siku ile. Nadhani mtu akishajivua shati mbele za watu, haoni tena faida ya kubaki na fulana.

"Asingesomwa," alisema. "Meneja alimwambia baadaye. Jina lake halikuwemo. Walitaka abaki na mashine."

Safari hii Veronica hakurudia haraka. Aliyasema yale maneno kwa sauti ya chini, kama anamwambia mtu habari ya msiba.

Kwenye korido kigoda kililia. Ndipo Mama Ng'washi akasema, "Mwambie huyo mwenzake ni mjinga."

"Anasema huyo mwenzako..."

"Nimesikia," alisema Maduhu.

"Mwambie sijaona mtu anayekimbia aibu ya asubuhi moja akaenda kununua ya mwaka mzima. Muulize, ana mke huyo Mayala?"

Ana mke, alijibu.

"Mke anajua?"

Hapo, ndugu msomaji, fundi wetu alishindwa kabisa. Aliziona Jumamosi zake zote. Alijiona akifua ovaroli katika karakana ili akifika Nkololo ionekane imetoka kazini. Aliona sukari aliyoikopa dukani na kumkabidhi Kabula kama mtu aliyepokea mshahara jana, na Kabula akimwekea maji ya kuoga kwa sababu baba watoto amechoka na mashine. Alikuwa akiyaoga maji hayo. Aibu ya jambo hilo moja ilikuwa nzito kuliko ya kitanda cha arusi na ya bafu la mabati vikijumlishwa.

"Mwambie hajui," alisema.

Katika uwanja ule kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuona nyuso zote mbili, naye ni Veronica. Mwanzoni alikuwa akijizuia kucheka. Sasa hakuwa na cheko. Upande huu alimwona mwanamume mzima anakaza taya ili kidevu kisitetemeke. Upande wa pili alimwona mama wa watu anajifuta macho kwa pindo la khanga. Na wenyewe kwa wenyewe hawakuonana.

Mama Ng'washi alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba.

"Mwambie chumba cha langoni ni cha huyo Mayala. Kodi tutazungumza msimu ukifika. Na umwambie mimi naondoka leo na basi la alasiri kwenda Nyashimo, sirudi mpaka mpunga uvunwe. Kwa hiyo huyo Mayala atateka maji kwa raha zake, hana haja ya kuchuchumaa nyuma ya bafu."

Veronica hakusumbuka kurudia. Maduhu alikuwa amesikia mwenyewe.

Anajua. Tangu lini?

Jibu alilipata kwa Veronica, aliyekuja kumwonyesha chumba. Alimwambia kwa kunong'ona, huku akifungua kufuli, kwamba anaomba radhi. Yeye ndiye aliyepangiwa kumfungulia lango, jioni, baada ya basi kuondoka. Dastan alikuja jana, kofia mkononi, akamweleza mama kila kitu: kazi, kota, karakana. Mama hakusema mengi. Alifunga mfuko wake asubuhi hii hii. Maduhu angekuja saa aliyoambiwa angekuta nyumba ya mama fulani aliyesafiri, angelala, angeamka, na pengine mpaka msimu wa pamba asingejua amelala kwa nani.

"Umekuja mapema, kaka," alisema Veronica. "Mimi nikawa bafuni."

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kulikuwa na mkeka mpya na mtungi wa maji uliofunikwa. Maduhu aliutazama ule mkeka akaona hawezi kuukanyaga.

Fikirini hali yake. Mama huyu alikuwa amebeba mchele kwenye malori ya watu, miaka na miaka, mpaka akapata nyumba yake mwenyewe yenye paa la bati. Sasa anatoka kwenye nyumba hiyo na mfuko mkononi, kwa sababu mila haiwaruhusu wakae pamoja na mmoja lazima aondoke, na yeye ameamua awe ndiye. Na amefanya hivyo kwa adabu kubwa mno, hata jina la Mayala amelikubali. Hakuna aliyemlazimisha Maduhu kusema neno. Angekaa kimya tu, Mayala angeishi pale langoni kwa amani, na Maduhu angeendelea kwenda Nkololo na sukari yake ya mkopo.

Alisikia viatu vya mama mkwe vinatoka koridoni.

Akatoka chumbani kwa haraka, macho chini, akaenda kusimama katikati ya lango. Alimpa mgongo kama adabu inavyotaka, uso wake ukaelekea barabarani. Nyuma yake hatua zikasimama.

"Mayu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu amwoe Kabula kusema na mama yule bila mtu katikati. "Hakuna Mayala. Ni mimi."

"Najua, mkwe."

"Usitoke nyumbani kwako kwa ajili yangu. Nitatafuta pengine."

"Pengine wapi? Kwenye vitanda vya maarusi?"

Kwa hiyo hata hilo la asubuhi lilikuwa limemfikia. Bariadi ni mji mdogo. Maduhu alihisi masikio yanamuungua, lakini hakuondoka langoni. Alisema amemkosea. Amemkosea yeye, amemkosea na binti yake, na ni bora alale stendi kuliko mama mkwe afukuzwe na ujinga wake. Alisema kwa kusitasita, neno kwa neno, na safari hii hapakuwa na Veronica wa kumpunguzia.

Mama Ng'washi alimwacha amalize.

"Hayo uliyoniambia ni ya kweli, na nimeyapokea," alisema. "Lakini kuniambia mimi ni rahisi, mkwe. Sisi hatutazamani. Kabula nimemwita aje anishikie nyumba, hata Veronica hajui; nimemwambia tu kwamba naondoka, hayo mengine sikumwambia. Anafika leo. Yeye mwambie ukimtazama."

Maduhu akainua macho.

Kabula alikuwa hapo kwenye kona ya barabara, amekwisha kumwona. Mtoto mgongoni, mzigo kichwani, anacheka peke yake kwa furaha kama mtu aliyekuta alichokuwa anakitafuta kabla hajaanza kutafuta. Nyuma yake alitembea Mayige, mdogo wake Maduhu wa tumbo moja, kijana wa miraba minne, amevaa viatu vyeusi vipya ambavyo vilikuwa vinambana vibaya.

"Baba Malimi," alisema Kabula, akitua mzigo miguuni pa mumewe, "kumbe ulijua nakuja. Hata kazini umeomba ruhusa."

Maduhu alifungua mdomo. Kabula alikuwa bado anahema na hakumpa nafasi.

"Nimemleta na Mayige. Baba ameuza yule ndama mwekundu, kamnunulia viatu vya kazi. Wazee wote wa pale nyumbani wamemsindikiza mpaka stendi. Nimewaambia kesho unamwingiza kiwandani."

Mayige akapiga hatua mbele kwa viatu vyake vinavyombana, akainama kumwamkia kaka yake kwa mikono miwili. Nyuma ya Maduhu mama mkwe alisimama na mfuko wake akisubiri apishwe.